Joto la Siku Ile Baharini

Malindi, Lushoto
4 Mei 2024

Mwanangu mpendwa Evelina,

Pokea salamu zangu nyingi mimi mama yako. Mimi mzima, labda wewe huko Dar na kazi zako. Baba yako anakusalimu, ni mzima ila lile goti, mvua hizi zikinyesha hawezi kushuka bondeni kwenye karoti. Wifi yako Esteria anakusalimu sana na anashukuru kwa dawa ya kifua uliyomtumia mtoto. Aron anakusalimu shangazi yake, sasa anahesabu mpaka ishirini lakini kumi na nne anairuka kila siku, sijui imemkosea nini. Shangazi yako wa Kwai alikuja Pasaka akakaa siku tatu, akala, akasema nimekonda, akaondoka. Mama Zakia jirani anakusalimu. Hata yule ng'ombe wetu mweusi angekuwa na mdomo angekusalimu, amezaa ndama jike.

Usishangae naandika barua na simu zipo. Simu ya hapa ni ya baba yako, anaitia mfuko wa koti, nikizungumza anakaa karibu anajifanya anamenya muwa. Tena nikianza kulia wewe unasema mama mtandao mbaya, unakata. Unadhani sijui. Barua hailii. Nampa Abubakari wa lori la kabichi, akifika sokoni atakuita uifuate.

Sasa nieleze jambo lenyewe. Ukoo ulikaa hapa Jumapili. Wamesema mwaka umepita na miezi juu yake tangu kaka yako Stephano alipoanguka kutoka kwenye ile meli ya watafiti, na mwili haukupatikana na hautapatikana. Wanataka tufanye kama walivyofanyiwa watu wa zamani waliopotea porini: ukatwe mgomba, uvishwe nguo yake, uwekwe kwenye jeneza, azikwe. Mchungaji amesema ataomba, haoni ubaya. Hapo ndipo matanga yataisha, na Esteria atavua nguo nyeusi. Wazazi wake wanalalamika, na wana haki, mtoto wa miaka ishirini na sita amekaa na nguo nyeusi kama bibi kizee.

Mimi nimekataa. Baba yako akaniuliza mbele ya watu, "Mama Stephano, unangoja nini?" Wanataka nguo kutoka kwenye begi lake, lile lililoletwa na watu wa meli. Lipo chini ya kitanda changu, halijafunguliwa, na sitaki mtu alifungue.

Mwalimu Sefania wa sekondari alizungumza na vijana kanisani. Alisema watafiti wa bahari wakirudi hawafichi kitu. Kila walichopima, joto la maji, joto la hewa, kina, chumvi, wanakiweka kwenye mtandao, mtu yeyote duniani afungue aone, bure, hata aliyeko Malindi. Nikasema moyoni, na wewe unafanya kazi maktaba ya chuo, kompyuta zimejaa pale.

Basi naomba uniangalizie kitu kimoja. Ile siku ya kaka yako, tarehe 17 Februari mwaka jana. Palikuwa na baridi au palikuwa na joto? Hilo tu, mwanangu. Usiniulize kwa nini.

Nijibu upesi. Abubakari anarudi kila Alhamisi.

Ni mimi mama yako,
Secilia


Dar es Salaam
2 Juni 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mpe shikamoo baba pia, na umwambie goti alifunge vizuri, asijifanye kijana. Msalimie wifi na umbusu Aron. Mwambie shangazi naye alikuwa haipendi kumi na nne, hayuko peke yake. Mimi namshukuru Mungu nipo, nafuta vumbi la vitabu na kupanga viti kama kawaida.

Nilichelewa kwa sababu kazi uliyonipa haikuwa nyepesi. Nilianza kwa kuandika jina la meli, zikaja picha tu, watu wamevaa kofia wanacheka. Nilikaribia kukata tamaa. Dada Asha, mkutubi wetu, ndiye aliyenionyesha njia. Kumbe vipimo havikai kwenye ukurasa wa meli, vina ghala lake la mtandaoni linalotunza vya meli nyingi. Na kila safari ya meli ina namba yake. Ukishapata namba ya safari umepata yote. Hawaulizi wewe ni nani wala una cheti gani. Niliogopa wangenifukuza, nikajikuta nipo ndani.

Nimeona ramani ya safari nzima, mama. Vinukta vimepangwa kama punje za mahindi, na kila kinukta ni mahali waliposimama wakashusha mtambo wa kupimia. Nimeona na tarehe ile. Ni namba tupu, mama, hakuna cha kukusumbua.

Kuhusu baridi, usihangaike. Nilimpata kwa simu mmoja aliyekuwa naye melini. Amesema siku ile Stephano alikuwa amevaa lile sweta ulilomfumia, hakulivua mpaka mwisho. Kwa hiyo hakupigwa na baridi. Ulimlinda, mama. Tulia sasa.

Wakubalie ukoo. Na mimi nitaomba ruhusa nije.

Binti yako,
Evelina


Dar es Salaam
27 Julai 2024

Mama yangu,

Shikamoo, na salamu kwa wote.

Nimekwenda sokoni Alhamisi saba. Abubakari ananiona kwa mbali anatikisa kichwa kabla sijafika. Alhamisi iliyopita akanitania, "Dada, nikuandikie mimi?" Nilishindwa kucheka.

Juzi nikapiga kwa simu ya baba nikaongea na wifi Esteria. Alikataa kusema, nikambembeleza, akasema. Kwamba siku uliyopokea barua yangu hukula. Kwamba sindano zako za kufumia umezitia kwenye paa la jiko. Kwamba umelifumua sweta la Aron, baridi hii ya Julai, mtoto anakwenda chekechea na mashati mawili. Na kwamba alikukuta jikoni peke yako unasema, "Nilimfunga jiwe kwa mikono yangu."

Mama, nimeelewa sasa ulichokuwa unauliza. Sikuelewa wakati ule, nisamehe. Nilidhani unaogopa kwamba mtoto wako alitetemeka. Kumbe ulikuwa unaogopa kwamba alikuwa na sweta mwilini, na sufu ile nzito ikanywa maji ikamvuta.

Sikiliza. Hakuna mtu niliyempigia. Nilitunga. Nilipofungua zile namba nilianza na maji, nikashuka nayo, nikaona kule chini kabisa ni nyuzi mbili tu za joto. Nikaogopa kukuandikia namba yoyote. Nikaona bora nikupe sweta.

Baadaye nikarudi nikatazama safu ya hewa. Siku ile juu ya meli palikuwa na joto kali. Nyuzi ishirini na tisa na zaidi. Mtu hawezi kufanya kazi juani na sweta katika joto hilo. Hakulivaa, mama. Nakuapia.

Evelina


Malindi
25 Agosto 2024

Evelina,

Nimepata barua zako zote mbili. Baba yako mzima. Esteria mzima. Aron mzima, nimemfumia sweta jingine, usimwambie mtu nililifanya nini lile la kwanza.

Mwanangu, mimi nimeishia darasa la nne. Kitu kimoja nilichokuwa nakijua ni kwamba watoto wangu hawanidanganyi. Mwezi wa sita umeniandikia alilivaa. Mwezi wa saba umeniandikia hakulivaa. La kwanza ulilitunga kunipoza. Na hili la pili, nitajuaje kama si la kunipoza vilevile? Ukiniapia ndiyo naogopa zaidi.

Wewe hukuwepo siku anaondoka. Ngoja nikuambie, sijamwambia hata baba yako. Alikuwa hataki kulibeba. Alicheka akasema, "Mama, naenda baharini, siendi kwenye baridi ya Magamba kuchanja kuni." Nikamwambia bahari kuu ina upepo, mwalimu wa kwaya alisema. Nikamshika mkono mlangoni nikamwambia niahidi hutalivua ukiwa juu ya meli. Akasema naahidi. Unamjua kaka yako. Akiahidi ameahidi. Na alipopiga simu kabla hawajaondoka bandarini alisema, "Mama, nalivaa." Maneno yake ya mwisho kwangu ndiyo hayo. Nalivaa.

Sasa umeelewa kwa nini begi halifunguliwi. Sweta likiwa ndani, hakulivaa. Lisipokuwa ndani, mimi ndiye niliyemzamisha. Begi limefungwa, mambo yote mawili bado yapo, naweza kuamka nikakamua ng'ombe.

Wazazi wa Esteria wametuma ujumbe, wanamtaka mtoto wao kabla ya Krismasi. Akiondoka, na Aron ataondoka naye. Baba yako hasemi na mimi siku ya nne leo.

Sina zaidi.

Mama yako


Dar es Salaam
8 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Nimelia maktaba, dada Asha akanifungia kwenye chumba cha magazeti ili wanafunzi wasinione.

Una haki usiniamini. Basi usiniamini. Ndiyo uzuri wa kitu hiki, mama, hakihitaji uniamini mimi. Hakijafungwa. Nilichokiona mimi hapa ndicho utakachokiona wewe huko, hakuna wa kukigeuza katikati.

Shuka Lushoto mjini, nenda kwa Twaha, yule mwenye steshenari anayepiga picha za pasipoti. Ni kijana mwenye adabu. Mpe karatasi hii. Nimeandika anwani ya lile ghala kwa herufi kubwa, na chini yake namba ya safari. Aandike namba hiyo mahali pa kutafutia, abonyeze. Yataonekana mafaili mawili. La kwanza lina jedwali lililochapwa, liacheni. La pili ni daftari lenyewe la sitahani, kule juu ya meli mitambo inakoshushiwa, walilipiga picha ukurasa kwa ukurasa. Afungue ukurasa wa kumi na tisa. Mtafute kituo cha 41 (kila kinukta wanakiita kituo), tarehe 17. Joto la hewa ni safu ya tano.

Kuna jambo jingine kwenye ukurasa huo ambalo sikukuandikia tangu mwanzo. Sikuweza, na hata sasa siwezi. Utaliona mwenyewe bila kuonyeshwa. Tafadhali usiende peke yako, nenda na Esteria.

Nipo hapa. Nasubiri.

Evelina


Malindi, Lushoto
12 Oktoba 2024

Mwanangu Evelina, mama yangu,

Salamu nyingi sana zikufikie. Baba yako anakusalimu, sasa tunazungumza. Wifi yako anakusalimu, yuko hapa pembeni anachambua maharage, anasema niandike kwa mkono mzuri. Aron anakusalimu. Mama Zakia anakusalimu, maplamu yake yameanza kuwa mekundu na watoto wa jirani wameanza kumtia wazimu kwa kuyachuma. Ndama amekua, ana kichwa kigumu. Na yule mwalimu Sefania anakusalimu ingawa hakujui, nilimwambia habari zako akasema wewe ni mtafiti. Nikamwambia si mtafiti, anafuta vumbi. Akasema ni yale yale.

Tulikwenda kwa Twaha Jumanne, mimi na Esteria. Nilivaa gauni la kanisani. Esteria akaniuliza njiani, "Mama, kwani tunakwenda kuonana na nani?" Niliona tu si vizuri kwenda na kanga.

Twaha akasoma karatasi yako, akanitazama. "Bibi, hii ni ya wanasayansi."

Nikamwambia, "Binti yangu amesema hawaulizi mtu ni nani."

Akaandika. Umeme ukakatika. Tukakaa tunatazama kioo cheusi, mimi nikasema basi ndiyo jibu hilo, twende zetu. Esteria akanishika gauni. "Kaa, mama." Hajawahi kuniamuru tangu aolewe. Nikakaa. Umeme ukarudi, Twaha akaandika tena, ikazunguka, ikazunguka, na kweli, Evelina, haikuuliza. Mimi nikienda ofisi yoyote naulizwa kitambulisho, naulizwa nimetumwa na nani, naambiwa njoo kesho. Bahari nzima ile, na haikuniuliza hata jina.

Akafungua daftari, ukurasa wa kumi na tisa.

Mwanangu, niliona kabla Twaha hajanionyesha kwa kidole.

Unakumbuka ninavyoandika nne? Wewe mwalimu wako alikutoa tabia hiyo, ukaandika kama wenzako. Stephano hakutolewa. Mimi ndiye niliyemfundisha namba kabla ya shule, chini, kwenye vumbi la ua, kwa kijiti. Nne yangu ina mgongo na mguu mmoja mrefu, kama kiti kilichovunjika. Alichapwa kwa ajili ya nne hiyo darasa la kwanza, darasa la pili, akaendelea nayo. Alikuja nyumbani na mikono imevimba akasema, "Mama, mwalimu hajui nne."

Ukurasa ulijaa nne zangu.

Kituo cha 39, cha 40, cha 41. Zote mkono wake. Sikujua alikuwa anaandika, nilidhani anavuta kamba tu. Walimwamini wakampa daftari. Nilimwambia Twaha, "Huyu ni mwanangu anaandika." Kijana wa watu akaacha kushika kile kipanya, akainuka, akanipa kiti chake.

Safu ya tano, kituo cha 41, saa nane na dakika kumi mchana. Ishirini na tisa, nukta, nne. Na nne ni ile ile. Aliandika kwa mkono wake mwenyewe, Evelina. Si wewe uliyeniambia, ni yeye. Karatasi ya watu wa meli, iliyokuja na begi, inasema alianguka saa tisa alasiri. Ni kama dakika hamsini tu toka aandike.

Nikamuuliza Twaha ishirini na tisa ni kiasi gani. Akafikiri, akasema, "Bibi, ni kama Mombo mchana."

Basi nililia pale pale dukani kwa watu. Kwa sababu Mombo naijua. Wewe unajua, sote tunajua, tukishuka na basi kutoka huku, tukiipita Soni kila mtu ana sweta, na kabla hatujafika Mombo hakuna mwenye sweta, yote yapo mapajani. Hata mimi navua, na mimi ni mtu wa baridi. Mtoto wangu hakuwa na sweta saa nane ya Mombo, chini ya jua, anafanya kazi. Hata kwa ahadi. Alilivua, namshukuru Mungu alilivua, alinivunjia ahadi.

Halafu nikatazama mstari unaofuata. Kituo cha 42.

Mkono mwingine. Nne za mtu mwingine, nzuri, zimenyooka, za shule. Na tarehe si 17, ni 18 jioni. Esteria akahesabu kwa vidole, saa ishirini na nane meli haikupima kitu. Walikuwa wanazunguka wanamtafuta. Nilikuwa nawasema vibaya watu wale kila siku kwenye maombi yangu, na walisimama saa ishirini na nane.

Esteria ndiye aliyeweka kidole kwenye kioo, pale katikati, kati ya 41 na 42, kwenye mstari mwembamba tu. Akasema, "Ni hapa, mama." Hakulia. Alisema kama mtu anayeonyesha mlango wa nyumba. Mwaka na miezi minane nilikuwa natafuta mahali. Ni pembamba kuliko uzi.

Ndicho ulichoogopa kuniandikia, sivyo? Sikulaumu. Hata mimi nisingeweza kukuandikia.

Twaha alitutolea ukurasa ule kwenye karatasi. Usiku huo niliuficha. Asubuhi nilimpa baba yako na chai. Alivaa miwani, akatazama sana. Akasema, "Hizi nne ni zako." Nikamwambia ndiyo, na nikamweleza la sweta, lote, mlangoni, ahadi. Nikajua atanigombeza. Akasema, "Mimi ndiye niliyemtafutia ile kazi, Secilia. Ulidhani umebeba peke yako?" Kumbe kila mmoja alikuwa na begi lake chini ya kitanda.

Nimewaambia ukoo ndiyo. Ni Jumamosi ya tarehe 2 Novemba, hapa nyumbani, chini ya shamba la migomba, pale alipokuwa anachunga mbuzi. Mchungaji amekubali. Jeneza anatengeneza Kristofa seremala. Esteria akishavua nyeusi, wazazi wake wanakuja kumchukua, amesema Aron ataniachia mpaka amalize chekechea. Nitaona. Mtoto ni wa mama yake.

Na begi. Jana nimelivuta nikalifuta vumbi. Sijalifungua, Evelina, nakungoja. Lakini nilikaa chini nikalipapasa kwa nje, kama unavyopapasa gunia kujua ni maharage au mahindi. Kuna kitu kigumu, nadhani ni viatu. Na chini kabisa kuna kitu kinene, laini, kimekunjwa.

Nilimwomba Twaha anionyeshe na zile za majini pia, ulizozificha. Nyuzi mbili. Akaniambia Magamba alfajiri, baridi ya mwezi wa saba, hata Magamba haifiki huko. Kwa hiyo nimeamua mgomba utavaa nini. Huko aliko sasa kuna baridi, na sweta lake limebaki nyumbani.

Omba ruhusa, usikubali wakunyime, waambie ni mazishi ya kaka yako, usiseme mgomba, hawataelewa. Njoo kabla ya Jumamosi hiyo tulifungue pamoja, mimi na wewe na Esteria. Na uniandikie mara upatapo barua hii, neno moja tu linatosha, nakuja. Abubakari nimemwambia Alhamisi asipakie gari kurudi mpaka akuone.

Mama yako,
Secilia